Kipokezi cha CD16a: je, protini yangu imeharibika, au ni mimi ninayeipima vibaya?

MwanaBayokemia anauliza:

Wanajukwaa, salaam. Ninaomba msaada wa wenye uzoefu na vipokezi vya Fc, yaani vinavyoshika mkia wa kingamwili, kwa sababu hii ni wiki ya tatu ninazunguka palepale.

Nilinunua mikrogramu 100 za protini rekombinanti ya kipokezi cha binadamu CD16a, kile ambacho seli za NK, zile seli za kinga zinazoua, hukitumia kuikamata kingamwili iliyokwisha kuganda kwenye seli inayopaswa kuuawa. Karatasi ya maelezo inasema kwamba protini ilitengenezwa katika seli za binadamu za HEK293, kwamba ni ile sehemu ya nje ya seli tu, kuanzia asidi amino ya 17 hadi ya 208, kwamba mwishoni ina mkia wa histidini sita, kwamba usafi wake unazidi asilimia 95, na kwamba uzito uliokokotolewa kutokana na mfuatano wake ni takriban kilodaltoni 23. Ilifika ikiwa unga mkavu, nami nikaiyeyusha kwa mikrolita 500 za bafa ya fosfeti na chumvi, nikaigawa katika vichupa vidogo na kuihifadhi katika nyuzi 80 chini ya sifuri.

Mashaka yangu ni matatu. Kwanza, nilipoipitisha kwenye jeli sikuona mstari mmoja mwembamba kwenye kilodaltoni 23 kama nilivyotarajia, bali wingu pana lililoanza karibu na 40 na kuishia karibu na 50, wala hapakuwa na chochote chini yake. Pili, ELISA yangu, kile kipimo cha mshiko kwa rangi katika visima vya pleti, haina maana yoyote. Nilifunika visima kwa kipokezi hiki, mikrogramu 2 kwa mililita, usiku kucha kwenye baridi, nikaviziba kwa asilimia 10 ya seramu ya ndama, nikaweka kingamwili ya IgG1 dhidi ya CD20 kuanzia mikrogramu 10 kwa mililita na kuipunguza mara tatu kila hatua, nikaosha mara tano huku nikiacha bafa itulie dakika tatu kila mara, kisha nikatumia kingamwili ya pili ya sungura dhidi ya IgG ya binadamu, yenye peroksidesi, kimeng'enya kinachotoa rangi. Kisima chenye IgG nyingi kuliko vyote kilisoma 0.38 kwenye nanomita 450, na kisima kisicho na IgG kabisa kilisoma 0.31. Tatu, mwongozo ninaoufuata unataka aina ya V158, ilhali karatasi ya kichupa changu imeandikwa 176Phe, na sielewi kama hizo ni protini mbili tofauti au ni protini moja iliyohesabiwa kwa njia mbili.

Nimekwisha kuandika barua ya malalamiko kwa muuzaji, lakini sijaituma. Je, niitume?

Sukari162 anajibu:

Ndugu MwanaBayokemia, barua hiyo iweke kwanza. Wingu uliloliona kwenye jeli ndilo hasa linalopaswa kuonekana, na kama ungeona mstari mwembamba kwenye 23 kutoka seli za HEK293, hapo ndipo mimi ningeanza kuwa na wasiwasi.

Sehemu ya nje ya CD16a ina mahali patano ambapo minyororo ya sukari huning'inia kwenye asparajini, yaani namba 38, 45, 74, 162 na 169. Uzito wa 23 umekokotolewa kwa kujumlisha asidi amino peke yake, bila sukari. Seli ya binadamu inapoitengeneza protini hii huivika sukari hizo, na haizivishi kwa kipimo kimoja: molekuli moja hupata mnyororo wenye matawi mawili, jirani yake hupata wenye matatu, na nyingine hukosa kabisa mahali pamoja. Ndiyo maana unaona wingu wala si mstari. Tena sukari haishiki ile sabuni ya jeli kama protini inavyoishika, hivyo molekuli hutembea polepole na kuonekana nzito kuliko ilivyo.

Ukitaka kujiridhisha, chukua mikrogramu 2, zichemshe pamoja na sabuni na kikali cha kuvunja madaraja ya salfa, uongeze kile kizuizi cha sabuni kinachokuja na kimeng'enya, kisha utie PNGase F, kimeng'enya kinachokata sukari hizo, na kuacha kwenye nyuzi 37 kwa saa chache. Wingu litashuka na kujikusanya kuwa mstari mmoja karibu na pale ulipopatarajia. Utaona pia mstari mwingine karibu na kilodaltoni 36. Huo usikutishe, kwa kuwa ni kimeng'enya chenyewe. Nimewahi kumwona mwanafunzi akiandika kurasa mbili kuhusu umbo jipya la kipokezi, kumbe alikuwa akiieleza PNGase F.

Kuhusu 158 na 176, zote mbili ni sehemu moja ya protini. Hesabu ya zamani, ambayo watu wa vipokezi vya Fc bado wameing'ang'ania, huanza baada ya kipande cha mwanzo kinachokatwa, na hesabu ya hifadhi ya UniProt, ambamo protini hii ni P08637, huanza kwenye metionini ya kwanza kabisa. Tofauti kati ya hesabu hizo ni 18. Kwa hiyo 176Phe ni F158, nawe kweli huna aina ambayo mwongozo wako unaitaka. Hapo muuzaji hakukosea, kwa sababu amekuuzia alichokiandika. Binadamu wana aina zote mbili, yenye valini (V) na yenye fenilalanini (F au Phe), na ile yenye valini huishika IgG1 kwa nguvu zaidi. Jambo hilo lina uzito hospitalini pia: mwaka 2002 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba wagonjwa wa limfoma ya folikula wenye valini kutoka kwa wazazi wote wawili waliitikia dawa ya kingamwili rituximab vizuri zaidi kuliko wale wenye fenilalanini.

Angalia pia kwamba umenunua CD16a wala si CD16b. Mfuatano wa asidi amino nje ya seli unakaribiana mno, na majina yanapotosha, lakini CD16b ni ya neutrofili na imeshikizwa kwenye utando kwa nanga ya mafuta. Namba ya P08637 kwenye karatasi yako itamaliza ubishi huo.

Suala la ELISA ninamwachia PipetiKongwe, ambaye najua hawezi kulipita bila kusema neno.

PipetiKongwe anajibu:

Mwalimu Sukari162 amenijua. Ndugu MwanaBayokemia, kosa la ELISA yako halimo katika protini, na wala halimo mahali pamoja. Yamo makosa matatu yaliyofichana, na ukirekebisha moja tu utaona hali imebaki vilevile kisha utakata tamaa.

Anza na namba ya 0.31, maana mandharinyuma ya juu kiasi hicho ndiyo inayokueleza mengi kuliko ishara yenyewe. Kisima hakina IgG ya binadamu, sasa rangi ya manjano imetoka wapi? Kipokezi ulichokibandika kwenye pleti kazi yake maishani ni kushika mkia wa Fc wa kingamwili, wala hakiulizi kama kingamwili hiyo ni ile unayoipima au ni ile unayoitumia kupimia. IgG ya sungura ni miongoni mwa zile ambazo vipokezi vya binadamu huzishika. Kingamwili yako ya pili ni nzima, mikono na mkia, kwa hiyo inapoingia kwenye kisima kitupu hushikwa kwa mkia wake, nayo peroksidesi iliyoibeba hufanya kazi yake kwa uaminifu. Tafuta kingamwili ya pili iliyokatwa mkia, yaani kipande cha F(ab')2, na ikiwezekana kiwe kinaelekea kwenye mnyororo mwepesi wa kapa badala ya Fc, ili kisigombanie mahali na kipokezi. Seramu ya ndama nayo iache, kwa sababu ndani yake mna IgG ya ng'ombe. Ziba kwa kazeini au kwa albumini iliyothibitishwa kuwa haina IgG.

Kosa la pili ni kiasi. Mikrogramu 10 za IgG kwa mililita, kwa uzito wa kilodaltoni 150, ni nanomola 67. Nguvu ya mshiko kati ya IgG1 na V158 iko karibu na nusu mikromola, na ya F158 ni hafifu zaidi, karibu mara mbili. Weka Kd, yaani kiwango cha IgG ambacho nusu ya vipokezi huwa vimeshikwa, ya nanomola 500 kwenye hesabu: 67 gawanya kwa 567 unapata asilimia 12 ya vipokezi vilivyoshikwa. Kwa F158 yako weka nanomola 900, utapata asilimia 7. Hiyo ndiyo hali katika kisima chako chenye IgG nyingi kuliko vyote, tena kabla hujaosha hata mara moja.

Kosa la tatu ndilo kuosha, nalo ndilo linalomaliza kila kitu. Mshiko huu ni wa kuja na kwenda. Chukulia kwamba nusu ya molekuli zilizoshikana huachana kila baada ya sekunde 20, kadirio ambalo kwa kipokezi hiki si la ajabu. Katika dakika moja ya kuosha umebakiwa na sehemu moja kati ya nane. Wewe uliosha mara tano kwa dakika tatu tatu, yaani dakika 15. Sidhani ninahitaji kuimaliza hesabu hiyo. Kilichobaki kwenye kisima, kile kijitofauti cha 0.07, huenda ni IgG iliyojikusanya kwenye chupa yako kwa kukaa muda mrefu, kwa sababu donge la IgG hushikwa na vipokezi kadhaa kwa pamoja na haliachii upesi.

Na hapo ndipo palipo na ufumbuzi, kwa maana seli ya NK nayo haishiki kingamwili mojamoja. Kila IgG hushikwa na kipokezi kimoja tu, ambacho hujipenyeza kati ya minyororo miwili ya Fc karibu na bawaba, kwa hiyo nguvu hutoka kwenye wingi: kingamwili nyingi zikiwa zimepangana juu ya seli ya saratani, na vipokezi vingi vikikusanyika kuzielekea. Igiza hilo kwenye pleti. Changanya IgG yako na kipande cha F(ab')2 dhidi ya kapa kwa saa moja kabla ya kuimimina kwenye visima, ili kingamwili zifungane mbilimbili na zaidi, na kama kipande hicho kina peroksidesi basi hutahitaji hatua nyingine ya kutambua. Kisha osha haraka, mara tatu, bila kuacha bafa itulie. Mbinu hii imetumika miaka mingi kwa vipokezi vya Fc vyenye mshiko hafifu, na sioni sababu ya kubuni nyingine.

Usisahau kisima cha kukanusha. Chukua IgG ileile, iondolee sukari ya asparajini 297 kwa PNGase F bila kuichemsha, na uiweke sambamba. CD16a haiishiki IgG isiyo na sukari hiyo, au huishika kidogo mno. Ikiwa visima hivyo navyo vinang'aa, basi unachokipima si mshiko wa Fc.

KaziYaFc anajibu:

Ninakubaliana na karibu yote aliyoyaandika PipetiKongwe, ila nina neno moja la kupinga na kisa kimoja cha kuongeza.

Kisa ni hiki. Miaka michache iliyopita nilinunua kipokezi hikihiki kutoka kwa muuzaji mmoja ambaye sitamtaja, nami kwa kutazama bei tu sikusoma mstari wa chini wa karatasi. Haukuwa mkia wa histidini, bali mkia wa Fc ya binadamu. Kwa vipokezi vingi vya seli za kinga mkia huo ni baraka, kwa sababu huifanya protini iwe imara na iwe pacha. Kwa PD-1, kwa mfano, ambayo mshiko wake na PD-L1 ni wa mikromola kadhaa, upacha huo ndio unaoifanya ELISA iwezekane. Kwa kipokezi cha Fc ni sawa na kukabidhiwa kufuli lenye ufunguo uliokwisha kuchomekwa. Sehemu ya kipokezi ilikuwa tayari imeshika mikia ya wenzake, na kingamwili yangu ya pili, iliyoelekezwa kwenye Fc ya binadamu, iliushika mkia huo katika kila kisima. Pleti nzima, visima vyote 96, iligeuka buluu kabla sijamaliza safu ya mwisho, na nilipotia asidi ikawa manjano kama kiini cha yai. Nilikuwa nimefurahi kwa dakika mbili hivi, mpaka nilipoviangalia visima visivyo na IgG. Ndugu MwanaBayokemia una bahati kwamba wako ni wa histidini.

Neno la kupinga ni kuhusu kuzifunganisha IgG. Mbinu hiyo itakupa mkunjo mzuri wa grafu, na itakuwezesha kusema kwamba kingamwili A inashikwa zaidi kuliko kingamwili B, lakini haitakupa Kd. Ukichukua katikati ya mkunjo huo na kuiita Kd, utaandika nanomola chache mahali pa nusu mikromola, na mhakiki yeyote makini atakurudishia karatasi. Nguvu ya mishiko mingi kwa pamoja si nguvu ya mshiko mmoja. Kama lengo lako ni namba halisi, fanya vipimo vya mwanga visivyohitaji kuosha, iwe ni mashine ya mwangwi wa plasmoni au ya ncha za nyuzi za kioo, ukikibandika kipokezi na kuipitisha IgG juu yake hadi mara kumi ya Kd. Kwa V158 hiyo ni mikromola 5, sawa na miligramu 0.75 kwa mililita, kwa hiyo andaa IgG ya kutosha na uihakikishe kwanza kwamba haina madonge.

Jambo moja dogo kuhusu kukibandika: kwa ELISA, plastiki tupu hukilaza kipokezi upande wowote, na molekuli nyingine hufunuka zinapogusa ukuta. Kipo kipokezi kinachouzwa kikiwa na bayotini moja mwishoni, kwenye mkia wa Avi, nacho kikiwekwa juu ya streptavidini husimama wima. Ukiamua kukitia bayotini mwenyewe kupitia lisini, hakikisha bafa haina Trisi wala albumini iliyoongezwa kama kinga, kwa kuwa vyote viwili vitaila bayotini yako kabla haijakifikia kipokezi.

PipetiKongwe anajibu tena:

Pingamizi limekubaliwa, nami nilipaswa kulisema mwenyewe. Niliposoma swali nilidhani ndugu yetu anataka kujua kama protini yake iko hai, na kwa hilo mkunjo wa IgG zilizofungwa unatosha. Ikiwa ni kwa ajili ya kuandika Kd, basi afuate njia ya KaziYaFc.

Kwa swali la uhai peke yake ipo hata njia fupi zaidi: kingamwili ya panya 3G8 huitambua CD16 iliyokunjwa vizuri, karibu na pale IgG inaposhika, na mshiko wake ni imara kiasi cha kuvumilia uoshaji wako wa dakika 15.

MwanaBayokemia anajibu:

Walimu wangu, ninashukuru kwa mkono na moyo. Nimerudi baada ya siku tisa na ninawaletea nilichokiona.

PNGase F ililishusha wingu lote hadi mstari mmoja juu kidogo ya 22, na ule wa 36 ulikuwepo kama nilivyoonywa. Namba ya P08637 imo kwenye karatasi, tena kwa maandishi makubwa ambayo sikuwahi kuyatazama. Kwa ELISA nilibadilisha mambo moja baada ya jingine, kwa sababu nilitaka kuona kila kosa lilikuwa na uzito gani. Nilipoacha seramu ya ndama na kuweka kazeini, kisima kitupu kilishuka kutoka 0.31 hadi 0.22. Nilipoleta F(ab')2 dhidi ya kapa mahali pa kingamwili nzima ya sungura, kilishuka hadi 0.06, lakini kisima chenye IgG nacho kikabaki 0.11, yaani nilikuwa nimepata pleti safi isiyoonyesha kitu. Kufikia hapo niliielewa kauli ya PipetiKongwe kuhusu makosa yaliyofichana. Nilipoifunganisha IgG kwa saa moja kabla ya kuimimina, na kuosha mara tatu kwa haraka, kisima cha juu kilisoma 1.4, mkunjo ukashuka kwa mpangilio mzuri, na IgG isiyo na sukari ya 297 ikabaki chini kabisa, sawa na kisima kitupu.

Barua kwa muuzaji nimeifuta. Nimeagiza V158, ya bayotini moja. Swali langu la mwisho ni hili: kingamwili ninayotaka kuilinganisha na hii ya kwanza imetengenezwa katika seli zisizoweza kuongeza fukosi, ile sukari moja ndogo, kwenye mnyororo wa sukari wa IgG. Je, hii F158 niliyobaki nayo inafaa kwa kazi hiyo, au niisubiri V158?

Sukari162 anajibu:

Inafaa, na kwa kweli F158 itakuonyesha tofauti waziwazi, kwa kuwa inaanzia chini. Kuondoa fukosi kwenye sukari ya IgG1 huongeza mshiko na CD16a hadi mara 50 katika vipimo vilivyochapishwa mwaka 2002, na ongezeko hilo linaonekana kwa aina zote mbili. Lakini angalia kwamba nyongeza hiyo hutegemea sukari ya kipokezi chenyewe, ile ya asparajini 162, ambayo hukaa bega kwa bega na sukari ya IgG pale ambapo fukosi ingekuwa imejaza nafasi. Kipokezi kilichotengenezwa katika bakteria, au ulichokinyoa kwa PNGase F, kitashika IgG zote mbili karibu sawasawa, nawe utadhani kingamwili yako mpya haina tofauti na ya zamani. Kwa hiyo ile sehemu uliyoitumia kwa jeli usiirudishe kwenye pleti.

Ipime IgG isiyo na fukosi kwa njia zote mbili, ikiwa imefungwa na ikiwa mojamoja. Ikiwa mojamoja inaweza kuvumilia uoshaji wa haraka, na ukiliona hilo kwenye pleti ileile ambamo ya kwanza inapotea, hutahitaji kuichanganua zaidi kabla V158 haijafika. Na kichupa ulichokwisha kukiyeyusha usikigandishe tena. Kiweke kwenye nyuzi 4 na ukitumie wiki hii.